Huyu Si Kenge

LUSAJO: Ugonile, dada Atupele. Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tulikuwa tumepanga kuzungumzia hatua tano za kumtunza mnyama aliyetelekezwa, na daftari ninalo hapa mezani, lakini dada yangu amefika akiwa na macho mekundu, kwa hiyo kabla sijafungua ukurasa wa kwanza ningependa atueleze usiku wa Jumanne ulipita vipi.

ATUPELE: Ndaga, kaka. Sikulala. Umeme ulikatika saa tano usiku, na mnajua baridi ya Mbeya mwezi huu wa saba ilivyo. Kile chumba cha stoo nilichokitenga kwa ajili ya iguana, yule mjusi mkubwa aliyetelekezwa, kilikuwa na nyuzi joto 26 taa ilipozimika, na saa saba kasorobo kipimajoto nilichoazima kwa jirani anayefuga vifaranga kilisoma 19. Nilichemsha maji kwenye jiko la mkaa nje, nikajaza madumu manne ya lita tano, nikayafunga kwa vitenge na kuyapanga kumzunguka. Jiko lenyewe sikuthubutu kuliingiza ndani, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na ingetumaliza sote wawili.

LUSAJO: Ukakesha unabadilisha maji?

ATUPELE: Kila baada ya saa moja na nusu. Hadi alfajiri chumba hakikushuka chini ya 18, na pale alipolala katikati ya madumu kulikuwa na 23. Kulipopambazuka nilimkuta amegeuka rangi, amekuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Moyo ulinishtuka, lakini daktari alikuwa ameshanieleza kwamba iguana akipata baridi ngozi hujitia giza ili inyonye joto haraka zaidi, na kweli saa nne, jua lilipomfikia, rangi ya majani ilianza kurudi, kuanzia mgongoni kushuka ubavuni.

LUSAJO: Kwa wale ambao hawakuwa nasi wiki tatu zilizopita, niseme tu kwamba kenge huyu aliachwa ndani ya tenga la kuku na wapangaji waliohama.

ATUPELE: Kaka Lusajo, si kenge.

LUSAJO: Nisamehe. Mtaa mzima unamwita kenge, na ulimi wangu umeshazoea.

ATUPELE: Mtaa mzima, ndiyo, na hata kwenye kadi ya matibabu ameandikwa kenge. Nitalisimamia jambo hili hata kama litakula muda wetu wote, kwa sababu jina hilo ndilo lililomfikisha alipofika. Waliokuwa wakimfuga walimlisha dagaa, vipande vya nyama na mayai ya kuchemsha. Hawakufanya hivyo kwa ukatili. Waliambiwa ni kenge, na kila mtu anajua kwamba kenge huiba mayai na vifaranga. Iguana wa kijani hula majani tangu siku anapotoka kwenye yai, na tumbo lake lina sehemu ya nyuma ambamo vijidudu huyachachusha majani hayo polepole, jinsi inavyokuwa kwenye tumbo la ng'ombe. Ukimjaza nyama kila siku, figo zake huelemewa na hatimaye hufa.

LUSAJO: Lakini kwa sura wanafanana. Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na mimi nikimtazama huyu naona anaingia kwenye msafara huo bila kuulizwa.

ATUPELE: Wanafanana ukiwa mbali. Ukimsogelea, tazama ulimi kwanza. Ulimi wa kenge umegawanyika mara mbili kama wa nyoka, naye huutoa na kuurudisha akinusa njia. Wa huyu ni mnene, wa rangi ya waridi, na haukugawanyika. Meno yake ni madogo, bapa, yenye makali kama msumeno, ya kukatia majani. Chini ya sikio ana gamba moja kubwa la duara kama kishikizo cha koti, na utosini ana kidoa cheupe ambacho ni jicho la tatu. Halioni sura ya kitu, ila huhisi mwanga na kivuli cha ndege anayepita juu. Tena iguana akikamatwa mkia huweza kuukata na kuuotesha upya, jambo ambalo kenge hawezi.

LUSAJO: Basi tumwiteje kwa Kiswahili? Guruguru tayari ana mwenyewe, kinyonga ana mwenyewe, na ukisema mjusi, mtu atadhani ni yule wa ukutani. Huyu ana urefu gani?

ATUPELE: Sentimita 94 kutoka puani hadi ncha ya mkia, na zaidi ya nusu ya hizo ni mkia. Dume mzima mwenye afya anaweza kupita mita moja na nusu. Mimi nasema tumwite iguana, basi. Neno lenyewe ni la Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, waliosema «iwana», Wahispania wakalichukua, likatufikia. Papai nalo lilitoka pande hizo hizo, mti pamoja na jina lake, na hakuna bibi yeyote wa Kyela aliyelikataa kwa kuwa ni la kigeni.

LUSAJO: Hapo umenigusa kwa mapapai. Haya, iguana. Sasa tueleze hali aliyokuwa nayo alipofika kwako.

ATUPELE: Nilimshika taya la chini kwa vidole viwili, taratibu, nalo likabonyea. Mfupa unaopaswa kuwa mgumu kama ukucha ulikuwa laini kama ganda la ndizi mbivu. Miguu ya nyuma ilikuwa imevimba, ukiitazama unadhani ni minofu, kumbe mwili unajaribu kuizungushia nyama ngumu mifupa iliyodhoofika. Alipotembea alikuwa anatetemeka vidole. Daktari wetu wa mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe wa maziwa, alitumia jioni nzima kusoma kabla hajanipa jibu: mifupa imekosa kalsiamu.

LUSAJO: Hali alikuwa anakula dagaa wazima na mifupa yao?

ATUPELE: Kalsiamu ya kwenye chakula haiingii mwilini ipasavyo bila vitamini D3, na iguana huitengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi kwa nguvu ya mionzi ya urujuanimno ya jua. Yeye alikuwa ndani ya tenga, ndani ya stoo, muda wote. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu huenda kuikopa mifupani, ukakopa, ukakopa, hadi taya likabaki hivyo.

LUSAJO: Kwa nini basi usimweke sebuleni kwenye dirisha la kioo? Pale kwako jua linapiga asubuhi hadi alasiri.

ATUPELE: Kioo hupitisha joto na mwanga, lakini mionzi ile anayoihitaji huizuia karibu yote. Angeota jua siku nzima na mifupa ikaendelea kulainika. Kwa hiyo fundi alinitengenezea kizimba cha wavu wa kuku, nusu wazi na nusu kina paa la nyasi ili akichoka na jua ajisogeze mwenyewe kivulini. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta. Jua letu la mchana kiangazi ni kali mno, na ni la bure. Watu wa Ulaya hununua taa maalumu na kuibadilisha kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mbeya shida yetu si mchana, ni usiku.

LUSAJO: Chakula je? Ulipompa majani alikubali mara moja?

ATUPELE: Siku nne za kwanza sikumlazimisha kabisa. Mnyama aliyekauka maji hapewi chakula kwanza, anarudishiwa maji. Nilimkalisha kwenye karai la maji ya uvuguvugu yaliyofika mabegani, dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini jioni, na humo humo nikamlainisha ngozi ya zamani iliyokuwa imeganda vidoleni kama uzi uliokazwa. Kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeshakufa kwa kukosa damu. Vingine nilivisugua kwa mswaki laini wa mtoto hadi uzi ule ukaachia. Tena lazima awe na joto ndipo ale, kwa sababu akiwa wa baridi majani hayasagiki, yanamwozea tumboni.

Siku ya tano nilimwekea majani ya maboga niliyoyanunua Mwanjelwa, nikayakatakata membamba, na juu yake nikaweka ua moja la boga, la njano, kwa sababu nilisikia kwamba rangi huwavuta. Alilitazama kwa jicho moja kwa muda mrefu sana. Kisha akatoa ulimi, akaligusa mara moja, akaurudisha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na sikupumua. Akaligusa tena, halafu akaling'ata, na kwa kuwa taya halina nguvu ua likamdondoka, akaliokota upya, akalimeza. Nililia, kaka.

LUSAJO: Pole, dada. Na hongera pia.

ATUPELE: Sasa anakula majani ya maboga, matembele, mchunga, na majani ya mforosadi ambayo anayapenda kuliko yote, pamoja na papai kidogo. Mchicha na spinachi nampa kwa nadra, kwa kuwa vina asidi inayoifunga kalsiamu isitumike. Kabichi nayo ikizidi huharibu kazi ya tezi ya shingo. Juu ya kila mlo ninanyunyiza unga wa kalsiamu aliotupimia daktari.

LUSAJO: Sasa dada, niseme jambo ambalo nimekuwa nikilizuia tangu ulipoanza habari ya madumu. Mnyama huyu apelekwe Kyela.

ATUPELE: Nilijua utafika huko.

LUSAJO: Nisikilize. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya bahari, na Kyela ni tambarare ya ziwa hilo. Kuna joto, kuna unyevu, usiku hutafuti kitenge cha kujifunika. Shangazi yangu ana miembe na mipapai, na mahali pa kujenga kizimba kikubwa mara tatu ya hicho chako. Hata kule Florida, Januari 2020, baridi ilipokaribia nyuzi nne, watu walitahadharishwa kwamba iguana wangeanguka kutoka mitini wakiwa wameganda. Huku Mbeya usiku mwingine hatuko mbali na hapo. Unampigania kwa madumu kitu ambacho Kyela angekipata kwa kulala tu.

ATUPELE: Nami nitakujibu kwa Florida hiyo hiyo. Iguana si wa huko. Kwao ni kuanzia Meksiko hadi Amerika Kusini. Walifika Florida kwa watu waliowafuga na kuwaachia, na leo wamekuwa wengi, wanachimba kingo za mifereji na kula bustani. Wakitoroka Kyela, kwenye joto na matunda, ni nani atakayewarudisha?

LUSAJO: Unasema «wakitoroka», ilhali yeye ni mmoja, tena ni dume. Ulisema mwenyewe kwamba ana vitundu vikubwa mapajani na mashavu yaliyojaa. Dume mmoja atazaa na nani?

ATUPELE: Hilo ni kweli. Lakini akitoka nje ya uzio hata mara moja, mtu wa kwanza atakayemwona atapiga kelele «kenge!» na wa pili atakuja na panga. Shangazi yako ana kuku wangapi?

LUSAJO: Wapo kama arobaini.

ATUPELE: Unaona basi. Na daktari anayemjua yuko hapa Mbeya. Afisa wanyamapori naye nimemwarifu, kwa sababu biashara ya iguana kati ya nchi na nchi imewekewa masharti tangu mwaka 1977, na huyu hana karatasi hata moja. Ameniagiza nimtunze hapa hapa wakati wanafuatilia. Siwezi kumhamisha kwa uamuzi wangu.

LUSAJO: Amri ya afisa naiheshimu. Nazungumzia baada ya hapo. Iguana aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi na mitano au ishirini. Je, utachemsha maji kila umeme unapokatika kwa miaka ishirini? Ukisafiri? Ukiugua? Nadhani unampenda kiasi kwamba huoni kuwa mahali penyewe panamtesa.

ATUPELE: Nami nadhani unaona hali ya hewa tu na huoni mtu atakayeamka usiku. Joto la Kyela halitagundua kwamba taya limeanza kulainika tena.

LUSAJO: Shangazi yangu anaamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu.

ATUPELE: Simdharau shangazi. Nakataa tu.

LUSAJO: Na mimi sijakubali.

ATUPELE: Basi tuliache hivyo.

LUSAJO: Tuliache, ingawa mkirudi wiki ijayo mtanikuta nimesimama hapa hapa. Sasa nikitazama saa, tumebakiwa na dakika nne, na zile hatua tano sijasoma hata moja.

ATUPELE: Soma ile ya makazi, angalau.

LUSAJO: Nimeandika kwamba upana wa chumba hautoshi bila kimo, kwa kuwa ni mnyama wa mitini.

ATUPELE: Hilo ni sahihi. Nimemfungia matawi ya mpera kutoka sakafuni hadi karibu na dari, yamelala mshazari ili asianguke wakati mifupa haijakaza. Taa ya kulelea vifaranga iko upande mmoja, juu ya tawi analoota, nimeizungushia wavu ili asiiguse akaungua. Pale pana nyuzi 35, na upande wa pili hazizidi 26, ili achague mwenyewe. Asubuhi na jioni nanyunyiza maji chumba kizima, maana kiangazi chetu kinakausha mno. Halafu wasikilizaji wasiogope wakimwona ana ukoko mweupe puani. Si mafua, ni chumvi anayoitoa kwa kupiga chafya.

LUSAJO: Hatua nne zilizobaki zinarudi nyumbani na daftari. Dada, saa kumi na moja inagonga na upepo wa mlima Loleza umeshaanza kushuka. Maji umeacha jikoni?

ATUPELE: Sijaacha, ndiyo maana naomba niondoke sasa hivi. Madumu nayo hayatoshi. Moja lilipasuka Jumanne.

LUSAJO: Mimi ninayo mawili ya lita kumi kule nyumbani. Nitayaleta kabla ya magharibi, halafu nimwone huyo ke… huyo iguana.