Jinsi ya Kuchagua Kadi ya Grafiki ya Bei Chee na Kuiunga Kwenye TV (Angalia Kibanio!)

Haya wadau, karibuni tena kijiweni kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Huo mngurumo mnaousikia ni feni yangu mimi, siyo ya kompyuta. Nikiizima kwa joto hili, video inaishia dakika ya pili.

Leo tuna mashine ya mama mmoja wa Mikindani. Kauza korosho zake, kanunua TV ya inchi 43 ya 4K, yaani yenye picha kali sana, na nyumbani ana hii Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile nyembamba. Anataka wajukuu waangalie katuni za YouTube ukutani, wamwachie simu yake. Ameshaiunga kwa adapta, picha inatoka, lakini ukipandisha ubora inakwamakwama kama gari kwenye mchanga wa Msimbati. Sababu ni kwamba video nyingi za YouTube zimefungwa kwa mtindo unaoitwa VP9, na grafiki ya Intel ya kizazi cha tatu iliyomo humu, ile sehemu inayochora picha, haiujui. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inabeba mzigo wote peke yake.

Kwa hiyo dawa ni kadi ya grafiki, kipande cha kuongeza ambacho kitabeba hiyo kazi ya picha. Usianze na bei, anza na keisi. Keisi hii ni nyembamba, inataka kadi fupi, nusu kimo. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina ule waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi lazima itumie umeme wa kwenye sloti, lile tundu refu inamochomekwa, peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Ukiona kadi ina tundu la pini sita ubavuni, hata kama unapewa bure, iache.

Zinabaki chache. GT 710 ndiyo mtaulizwa kila duka, "kaka, hii bei chee." Chee kweli, lakini HDMI yake, tundu la waya wa TV, kwenye 4K inaishia picha 30 kwa sekunde, mshale wa mausi unatembea kama umelewa, na hiyo VP9 nayo haiijui. Utakuwa umehamisha tatizo tu. GTX 1650 ni nzuri kama unacheza gemu, ila hakikisha ni ile fupi isiyo na pini. Kwa mama huyu nimechukua GT 1030. Inakula wati 30, VP9 inaijua, na HDMI yake inatoa 4K picha 60.

Sasa sikilizeni, GT 1030 ziko mbili, jina moja! Ya 2017 ina memori ya GDDR5. Ya 2018 ina DDR4, na hiyo ni goigoi: memori yake inapitisha GB 16.8 kwa sekunde, mwenzake anapitisha 48. Soma boksi. Boksi halipo? Muulize muuzaji, na akijibu "zote sawa tu," muage vizuri uondoke.

Na hii hapa... anko, sogeza kamera, hii niliyoining'iniza ukutani. Niliuziwa kama GTX 1050 Ti. Ona hili tundu la bluu, VGA, la skrini za zamani. 1050 Ti halisi haina VGA kabisa! Hii ni kadi ya zamani imechakachuliwa, wameiandikia jina jipya ndani, hata Windows inadanganyika. Programu ya bure ya GPU-Z, inayosoma kadi ni ya aina gani, ndiyo iliyonitobolea siri, nikiwa nimeshalipa. Siku hiyo sikula hata ming'oko, na ming'oko mimi siachi.

Tunafunga. Zima, chomoa umeme, fungua kifuniko, gusa chuma cha keisi umwage umeme wa mwilini. Hayo mnayajua.

Badilisha bati la nyuma la kadi. Linakuja refu, kwenye boksi kuna fupi. Skrubu zake ndogo, weka kwenye kisoda zisipotee.

Sasa hapa, tulieni. Mwisho wa sloti ndefu kuna kibanio cha plastiki. Kinaonekana? Anko, karibu zaidi. Hapana, mkono wangu huo. Hapo. KIBANIO. Kadi ikiingia, kinaishika. Ukitaka kuitoa lazima ukisukume kando kwanza. Mwaka juzi niliivuta kadi ya mteja bila kukiachia, kikavunjika, na kipande cha sloti kikaja nacho. Nilimnunulia mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, nyingine kwa hela yangu. Kwa hiyo kuingiza: sukuma wima, pande zote mbili sawa, mpaka usikie "tak". Kutoa: kibanio kwanza. Narudia kwa waliokuwa wanajibu meseji: kibanio kwanza, kisha kadi.

Kabla sijaisukuma, haya meno ya shaba nayapitishia ufutio wa penseli, taratibu. Kadi hii ni ya mtumba, na hewa ya bahari hapa kwetu hailali. Haya. Tak! Mmesikia? Funga kishikio cha nyuma.

Waya wa HDMI kwenye TV, rimoti, HDMI 2, washa...

Giza. Subiri kidogo. Bado giza. Anko, usikate, acha waone. Feni ya mashine inazunguka, taa inawaka... Kadi imekaa vizuri, kibanio kimeshika...

Mwe! Nimechomeka kwenye ile adapta ya zamani ya mama, iko kwenye mazabodi! Nimewapigia kelele za kibanio dakika nzima halafu mwenyewe nimekosea tundu. Ukishaweka kadi, mashine kama hii huyazima matundu yake yenyewe. Waya unakwenda kwenye KADI. Natoa adapta, nachomeka huku chini... picha hiyo!

Draiva, programu ya kuifanya Windows iitambue kadi: pakua kwa NVIDIA wenyewe, usiichukue kwenye flashi ya mtu.

Mkiangalia chini, upau wa Windows umekatwa nusu. Kadi haina kosa, ni TV inakuza picha. Rimoti, ukubwa wa picha, chagua ile isiyokuza. Kwenye LG wameandika Just Scan. Imekaa.

Ingia mpangilio wa skrini wa Windows, weka picha 60 kwa sekunde. Ikikugomea kwenye 30, rudi kwenye TV, tundu hilo la HDMI huwa lina swichi yake ya kuruhusu picha kamili. Na waya uwe mzuri, ule mwembamba uliokuja na king'amuzi unaweza kukuletea vimulimuli.

Sauti haitoki? Alama ya spika chini kulia, chagua jina la TV. Maandishi nakuza asilimia 250, mama asitafute miwani.

Katuni, 4K... haikwami. Nafunga kifuniko, anakuja kuichukua saa kumi. Kadi kama hii ninazo mbili za GDDR5, andika hapo chini nikujibu. Ya ukutani siuzi.