Lawama Ipewe Umri
Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi na wazazi, Katuba, Lubumbashi

Wazee wetu, mama na baba, na ninyi wadogo zangu mliotoka Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, asanteni kwa kufika.

Mmeniomba niseme kama kiongozi ana haki ya kumlaumu aliyemtangulia pale uchumi unapokwenda vibaya. Jibu langu nalitoa mapema ili msilingojee. Haki hiyo anayo, lakini ina umri wake, na umri huo unategemea kitu anachokilalamikia. Mahindi yanapandwa mvua zikianza na kuvunwa msimu huohuo; anayelalamikia mahindi ya mtangulizi wake apewe msimu mmoja au miwili. Kituo cha umeme kinaweza kuchukua miaka kumi kujengwa. Hapo tumvumilie zaidi. Deni la taifa linaweza kumzidi umri yeye mwenyewe. Nchi yetu ya Kongo imeumia kwa sababu hatukuwahi kupima hivyo. Tumekubali lawama moja ifunike kila kitu, miaka yote.

Turudi mwaka 1965. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba, na muda mfupi baadaye akawaambia wananchi kwamba wanasiasa walitumia miaka mitano kuiharibu nchi, kwa hiyo naye apewe mitano ya kuitengeneza, na katika muda huo vyama visimamishe siasa. Hoja alikuwa nayo. Kujitenga kwa Katanga kulikuwa kumeisha juzi tu, uasi wa mashariki ulikuwa bado haujazimika, na waliompigia makofi walikuwa watu wenye akili zao. Lakini tazameni kazi ambayo lawama ile iliifanya. Iliwanyamazisha wote waliokuwa na haki ya kumwuliza hesabu. Miaka mitano ikawa karibu 32. Tarehe 30 Novemba 1973 alipotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zipewe wananchi, hapakuwa tena na mtangulizi wa kumsingizia. Maduka mengi yalianguka, na kabla ya miaka mitatu kwisha serikali ikawa inawaita wenye mali warudi. Bungeni hapakuwa na mtu wa kusimama na kumwambia: hili ni lako.

Sasa niingie kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Katanga kuliko watu wengi. Uchumi hauanguki siku ile kosa linapofanyika.

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema kampuni ilikuwa na nguvu. Ndani ilikuwa inaliwa. Kwa miaka mingi pesa ya shaba ilikuwa ikienda Kinshasa kabla haijanunua vipuri, na mashine zikaendeshwa hadi zikachoka. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka katikati ya miaka ya sabini, na reli ya Benguela, njia yetu fupi ya kwenda baharini, ikafungwa mwaka 1975 kwa vita vya Angola. Septemba 1990 sehemu ya katikati ya mgodi wa Kamoto ikaanguka. Mwaka 1991 mali za watu zikaporwa mijini. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000.

Wazee walioketi hapa mbele wanajua namba hiyo ilivyoingia nyumbani. Poso ya unga iliyokuwa ikifika katika kambi za wafanyakazi ikakatika. Mshahara ukachelewa mwezi, halafu miezi, halafu watu wakaacha kuuliza. Mama ambaye hakuwahi kuuza kitu akatandika gunia mbele ya nyumba, akapanga mafungu ya mkaa na samaki mkavu, na ndiye aliyelipa minerval, yaani ada ya shule, ya watoto. Kisha, miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaachishwa kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wakaambiwa wanaondoka kwa hiari yao. Mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba haki yao haikulipwa yote.

Nauliza: aliyetia sahihi mwaka 2003 ndiye aliyewanyima mkate? Serikali ya wakati ule ingesema imekuta kampuni iliyokwisha kufa, ingesema kweli. Vivyo hivyo kwa madeni. Mobutu alipokimbia Mei 1997, mikopo yake ilibaki shingoni mwetu. Ilikuwa hadi Julai 2010 ndipo deni la karibu dola bilioni 12 lilipofutwa, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1997 alikuwa na miaka 13. Atakayesema kiongozi asitaje kabisa alichorithi anataka tuseme uongo.

Lakini ucheleweshaji huohuo unakwenda pande zote mbili, na hapa ndipo viongozi wetu wananyamaza. Mgodi wa Kamoa-Kakula, pale karibu na Kolwezi, ulianza kutoa shaba Mei 2021. Ulichorongwa na kutafitiwa zaidi ya miaka kumi kabla, chini ya serikali nyingine. Sheria ya madini ya mwaka 2018, iliyopandisha mrabaha wa shaba, yaani fungu ambalo mchimbaji analipa serikali, kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na iliyofungua mlango wa kutoza asilimia 10 kwa kobalti, ilitiwa sahihi na Rais Joseph Kabila chini ya mwaka mmoja kabla ya kuondoka. Fedha yake inaingia katika bajeti za aliyemfuata, Félix Tshisekedi. Mbona hatusikii orodha ya mema yaliyokutwa mezani? Anayehesabu madeni aliyoyakuta na kuacha utajiri alioukuta anatupa nusu ya hesabu, na nusu ya hesabu ni udanganyifu.

Kuna swali lingine ambalo linanikera zaidi: huyo mtangulizi ni nani hasa? Mwaka 2022 serikali mpya ya Kenya ilisema imekuta hazina tupu, na mkuu wake alikuwa naibu wa rais kwa karibu miaka kumi kabla ya hapo. Tusiwacheke. Kwetu, kuanzia 2019 hadi Desemba 2020, mrithi na mrithiwa walitawala pamoja katika muungano mmoja, na ulipovunjika, wabunge wengi wakahama upande na maisha yakaendelea. Ukimlaumu mtangulizi ilhali watu wake ndio wenzako mezani, unajilaumu mwenyewe.

Mnaijua ile shughuli ya remise et reprise, waziri anapotoka na mwingine anaingia. Wanapeana faili, wanatia sahihi, wanapigwa picha, wanakumbatiana. Mimi ningependa karatasi ile iwe kali kuliko picha. Iandikwe ndani yake: akaunti ina kiasi gani, nani anadai mishahara ya miezi mingapi, mikataba ipi imesainiwa, barabara ipi imelipiwa na haijajengwa. Ibandikwe ukutani, tuisome. Baada ya miaka mitatu kiongozi akisema "nilikuta", tumfungulie ukurasa. Kama halimo, hakulikuta.

Lawama yenye karatasi inazaa kitu. Mkataba na Wachina wa mwaka 2008, wa kampuni ya ubia ya Sicomines, wa kubadilishana madini kwa miundombinu, ulilalamikiwa muda mrefu mitaani na kwenye redio bila faida. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali walitoa ripoti yenye hesabu, mazungumzo yakafunguliwa, na Machi 2024 ahadi ya miundombinu ikapanda kutoka dola bilioni 3 hadi 7, ingawa malipo ya kila mwaka yanategemea bei ya shaba. Mnaweza kusema bado ni kidogo, nami sitabishana. Ila oneni tofauti kati ya kulalamika na kudai.

Na bukari, ugali wetu, je? Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, unga ulipungua Kasumbalesa, mpakani, na bei ya meka, kipimo chetu cha unga, ikapanda hapa sokoni. Mvua haina mtangulizi. Lakini mkoa wenye ardhi kama yetu kungojea lori la jirani, hilo lina wenyewe, na kila anayemaliza misimu miwili ofisini bila mbegu wala mbolea kumfikia mkulima anaingia kwenye orodha yao.

Nimalize na fedha iliyo karibu nasi zaidi. Sheria ile ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha moja kwa moja kwa komini, miji, sekta na usultani ambako madini yanachimbwa. Kabla ya hapo, fedha hiyo haikuwahi kufika komini kwa namna hii. Kwa hiyo bourgmestre, mkuu wa komini, au chifu akiulizwa imejenga nini, hawezi kurudi nyuma hadi kwa Mobutu wala kwa Wabelgiji. Wadogo zangu mnaosoma uchumi na sheria, nendeni mkaulize kimepokelewa kiasi gani, mwezi gani, na kimelipa nini.