Kopo la Maziwa na Uhai wa Rubani

Jambo hili limeshasemwa mara nyingi na bado halisikiki, kwa hiyo nalisema tena: katika Vita Kuu ya Pili, rubani wa ndege ya mabomu aliyeangushwa Ujerumani na kutekwa hakuokolewa na handaki la kutorokea kambini. Aliokolewa na chakula, na mwenzake aliyejua kukipika kwa vijiti vichache vya kuni.

Handaki la Sagan, lililochimbwa chini ya kambi ya Wajerumani ya mateka wa anga, mnalijua nyote. Machi 1944 wakatoka watu 76, wakakamatwa 73, na 50 kati ya hao wakapigwa risasi. Waliofika salama ni watatu. Sasa nijibuni: kambi ile, Stalag Luft III, ilikuwa na mateka zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa 1945. Hao waliishije? Hilo haliulizwi kabisa, na linaniudhi kwa sababu ndilo swali lenyewe.

Mtazameni mtu anavyofika. Rubani wa Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, huruka mwisho; yeye ndiye anayeshika usukani ndege isibingirike wenzake sita wakitoka. Parachuti yake ameikalia. Ya wenzake hutundikwa pembeni, nayo hubanwa kifuani dakika ya mwisho. Mlango wa dharura wa puani una upana wa sentimita 56 hivi, na aliyevaa nguo nene za baridi na parachuti kifuani hukwama hapo. Anayenusurika mara nyingi ana mikono iliyoungua au kifundo kilichoteguka, kisha anawekwa chumba cha peke yake Oberursel, kituo cha Wajerumani cha kuhoji mateka wa anga, ahojiwe. Mwili kama huo unadai chakula kuliko mwili mzima.

Mtasema Mkataba wa Geneva wa 1929 uliagiza mateka alishwe sawa na askari wa kambi za nyuma za aliyemteka. Ndiyo, uliagiza. Lakini Sagan walipewa posho ya raia asiyefanya kazi, kilokalori 1,928 kwa siku kwa hesabu ya karatasi. Kwenye sufuria ni mkate mweusi, supu ya shayiri, na viazi ambavyo vingine vimeoza. Na asiyeamini kwamba vifurushi vya Msalaba Mwekundu ndivyo vilivyotenganisha uhai na kifo awatazame mateka wa Kisovieti, ambao hawakupata vifurushi wala ulinzi wa mkataba, na wakanyimwa chakula kwa makusudi. Walikufa zaidi ya milioni 3.

Kifurushi kimoja kilikuwa na uzito wa kilo 5 hivi. Cha Kimarekani kilikuwa na maziwa ya unga gramu 454, majarini kiasi hicho hicho, sukari gramu 227, jibini, nyama za kopo, samaki, biskuti, zabibu kavu, kahawa, chokoleti, sabuni na sigara. Mambo yakienda vizuri, kila mtu kimoja kwa wiki. Septemba 1944 wakaanza kugawana kimoja watu wawili. Walinzi walikuwa wakitoboa makopo ili yasiwekwe akiba ya kutorokea, na kopo lililotobolewa lazima liliwe upesi kabla halijachacha. Ndiyo maana chumba kizima kilipika pamoja. Mkate, anayekata huchukua kipande cha mwisho. Hapo kisu hakipindi. Biskuti husagwa kwa bati lililotobolewa kwa msumari, unga unachanganywa na maziwa, sukari na zabibu, na hamira ni dawa ya meno ya unga, kwa kuwa ina magadi.

Na moto? Makaa ya kambi hayakutosha. Hapa nitakaa kidogo.

Kopo la maziwa lilikuwa la bati jema, na katika hilo wakaunda jiko la feni. Chukua chaga ya kitanda iwe kitako. Upande mmoja weka jiko: kopo lililotobolewa chini na kukandikwa udongo ndani. Usipokandika, moto unalila bati. Makopo mengine yatolewe vitako, yaunganishwe yawe bomba la kupeleka upepo chini ya jiko. Mwisho wa bomba kuna feni, mapanga ya bati ndani ya kopo pana. Tundu la kuvuta hewa liwe katikati ya ubavu na la kutoa liwe ukingoni. Ukikosea, feni inakoroga hewa ile ile na moto haupati kitu. Kisha gurudumu kubwa lenye mkono, kapi dogo kwenye mhimili wa feni, na kamba ya kiatu inayoviunganisha. Gurudumu likiwa na upana mara kumi ya kapi, mzunguko mmoja wa mkono ni kumi ya feni. Kamba ikilowa huteleza, kwa hiyo mfereji wa kapi uchongwe mwembamba uibane.

Mishono ni ya kukunja na kugonga, mkunjo ule ule wa fundi bati anayetengeneza vibatari. Risasi ya kulehemu waliiyeyusha kutoka makopo ya nyama, lakini karibu na moto haifai, huyeyuka tena na bomba likaachia. Likitengenezwa sawa, jiko hili huchemsha maji kwa dakika chache kwa konzi ya vibanzi na makoko ya misonobari. Mvukuto wa mhunzi ndio huo, umeundwa na watu wenye njaa.

Muda umenibana, nipite haraka. Usiku wa tarehe 27 Januari 1945, Jeshi Jekundu la Kisovieti likikaribia, Sagan ikahamishwa kwa miguu kwenye theluji. Walifunga sleji za chaga na masanduku ya vifurushi. Kufika mji wa Muskau theluji ikayeyuka, sleji zikatupwa, na aliyepakia makopo kupita nguvu zake akayaacha barabarani. Soksi za akiba zilikaushwa tumboni, ndani ya shati. Katika mji wa Spremberg wakajazwa kwenye mabehewa ya mizigo.

Wengi wao walifikishwa kambi ya Moosburg, kusini mwa Ujerumani. Vifaru vya Kimarekani vilipoingia tarehe 29 Aprili, ukaja mkate mweupe na chakula chenye mafuta. Waliokula kwa pupa waliugua, kwani matumbo yalikuwa yamesinyaa. Wakaanza upya, kidogo kidogo.