Nena, Mbuni na Mbwa

AIKA: Karibuni tena, wa Moshi na wa popote. Leo asili ya nahau tatu: kufunga virago, mkono wa birika, kuvunja ungo. Kaka Remi, unacheka nini peke yako?

REMI: Juzi soko la Mbuyuni, nauliza bei ya ndoo ya parachichi. Muuzaji anamwambia mwenzake, "Mwambie nena." Na mimi nikanena!

AIKA: (kicheko) Elfu nane hiyo, walikuwa wanakupandishia! Kinyume hicho, usemi wa kugeuza maneno ili wengine wasielewe. Silabi ya mwisho inakuja mbele, zilizobaki huzigusi. Na-ne, nena. Kitabu, bukita.

REMI: Wengi hugeuza zote, "butaki".

AIKA: Na msikilizaji anapotea, maana yeye anarudisha silabi moja tu. Halafu kuna yasiyofichika: mama, baba, kaka, dada.

REMI: Ukoo mzima uko uchi!

AIKA: Na "ya", "wa", "na" zinabaki zilivyo, silabi moja haina pa kwenda.

REMI: Haya, dada Aika, geuza mbuni.

AIKA: Yupi? Wa mbugani au wa shambani Kibosho?

REMI: Aa, umeuona mtego!

AIKA: Kwa maandishi yote mawili ni "nimbu". Masikioni, ndege ana mapigo mawili, mbu-ni. Mti wa kahawa una matatu, m-bu-ni. Ukikwama, weka kwenye wingi. Miti ni mibuni, kwa hiyo ile m inasimama peke yake. Ndege hata wakiwa kundi ni mbuni, mb haiachani. Mbuyu, mibuyu: Mbuyuni ina silabi nne.

REMI: Sawa. Mbwa wengi ni nini?

AIKA: Mbwa.

REMI: Basi kwa kipimo chako mb haiachani. Silabi moja, hageuki.

AIKA: Mbili! Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka mbwa, uzito uko kwenye m. Kinyume chake bwam.

REMI: Bwam! Silabi gani ya Kiswahili inafungwa na m?

AIKA: Mtu si unamgeuza "tum"?

REMI: Mtu, watu, ile m ni kiambishi, inatoka. Ya mbwa inakwenda wapi?

AIKA: Na nchi? Nne? Nge? Zote utaziacha bila kugeuzwa?

REMI: Zote. Kanuni ya wingi umeileta wewe.

AIKA: Wingi ni kwa maneno marefu. Neno fupi linaamuliwa na mkazo.

REMI: Hiyo umeiongeza sasa hivi.

AIKA: Iko kinywani mwa kila mtu! Ita mbwa kwa sauti, usikie.

REMI: Nasikia pigo moja.

AIKA: Fundi mitambo anaonyesha dakika moja. Virago, haraka: kirago ni mkeka wa kulalia. Ukiukunja na kuufunga, unaondoka. Birika na ungo wiki ijayo.

REMI: Baada ya mbwa.

AIKA: Bwam.

REMI: Mbwa, dada Aika. Mb…

(muziki)