Usinihesabie Hotuba

Wengine mmeshachoka kulisikia hili, lakini tasnifu zinakuja zilezile: mwanafunzi amehesabu mbunge fulani alisimama mara ngapi, kisha anatangaza kwamba Bunge la Kenya limeunda sera. Usinihesabie hotuba. Niletee kifungu, unionyeshe kiliingia na maneno gani na kikatoka na yapi.

Chukueni kikomo cha riba ya mikopo. Mswada wa mbunge mmoja, Jude Njomo, ulitiwa saini Agosti 2016: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Hazina Kuu ilijaribu kukifuta 2018, wabunge wakakataa. 2019 ikarudi, ikachomeka ufutaji ule ule ndani ya Mswada wa Fedha, wakaunyofoa tena. Ukiifunga Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, hapo utaandika kwamba Bunge limeshinda. Lakini Rais akakataa kutia saini, akaurudisha mswada na sababu zake. Hesabu inaanzia hapo. Kwa Ibara ya 115 ya Katiba, kumkubalia Rais kunataka wingi wa kawaida tu. Kumpinga kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, wawepo wasiwepo. Theluthi mbili ya wabunge 349 ni 233. Novemba ile, idadi hiyo haikutimia ukumbini. Kikomo kikafa, na kilichokiua ni viti vitupu. Hebu niambieni, kiti kitupu mtakiandika kwenye safu gani ya jedwali lenu la hotuba?

Naona mtu pale nyuma anatikisa kichwa: basi Bunge ni muhuri wa Ikulu. Muhuri gani huo, bwana, unaoisumbua Hazina miaka mitatu?

Kazi yenyewe ni ya karatasi nne mezani: mswada ulivyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi, ripoti ya kamati pamoja na jedwali la maoni ya waliofika mbele yake, Hansard ya Kamati ya Bunge Zima (wabunge wote wakipitia mswada kifungu kwa kifungu), na sheria iliyotiwa saini. Hiyo ya tatu ndiyo mnayoiruka, kwa kuwa haina maneno matamu. Ni “kifungu cha 12, futa, weka”. Basi sera inabadilikia hapo.

Halafu tarehe. Juni 2024, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 viliondolewa kwenye Mswada wa Fedha. Ukisoma ripoti, sifa ni za kamati. Lakini tangazo lilitolewa Ikulu, baada ya mkutano wa wabunge wa Kenya Kwanza, muungano wa Rais, mjadala haujaingia ukumbini. Bila tarehe kando ya kila badiliko, utampa sifa asiyehusika.

Kuhusu kanuni za mawaziri, mwenyekiti ananionyesha saa. Zisipowasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kuchapishwa, hukoma kutumika. Bajeti sitaigusa kabisa. Isomeni Sheria ya 2013 kuhusu kanuni hizo, ni fupi.