Nati Inang'aa, Lakini Haifunguki: Stenlesi kwenye Gari la Porini

REHEMA: Karibuni tena. Leo karatasi yetu ina mambo matatu: ekzosi ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, mabomba ya breki, na kuchomelea stenlesi kwenye chuma cha kawaida. Ila Jabiri hajatulia tangu juzi, kwa hiyo kwanza aseme.

JABIRI: Niseme haraka, ekzosi isingoje. Juzi nilikuwa nafungua bamba la kinga chini ya giaboksi. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ya stenlesi, nati yake ya stenlesi. Kutu hakuna hata chembe, inang'aa kama kijiko. Nati ikazunguka mara mbili, ikalia, ikaganda. Spana ndefu haikusaidia, mafuta ya kulegeza hayakusaidia. Imetoka kwa grenda.

REHEMA: Ilikuwa imefungwaje?

JABIRI: Kavu. Kwa bunduki ya upepo.

REHEMA: Basi iliumana siku ileile ya kufungwa, ila imekuja kujulikana juzi.

JABIRI: Na hapo ndipo wengi wanapopotea. Nati ikigoma mtu anawaza kutu, anamwaga mafuta, anasubiri usiku kucha. Meno ya stenlesi hayagomi kwa kutu. Stenlesi inajikinga kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi ya kromi. Unapofunga, meno yanasuguana chini ya mgandamizo, ile ngozi inachubuka, na chuma kitupu kinakutana na chuma kitupu cha aina ileile. Vinashikana. Ni kama vimechomelewa bila moto. Ukizidi kuzungusha unang'oa vipande, vipande vinajazana kwenye meno, ndiyo ile sauti ya kulia.

REHEMA: Na mafuta ya kulegeza hayana pa kupita, kwa sababu hakuna kutu ya kuloweka.

JABIRI: Hayana. Ukisikia nati ya stenlesi inalia, acha hapohapo. Irudishe taratibu kama bado inarudi. Ikiwa imeshaganda, usipoteze saa nzima: pasua nati kwa grenda upande mmoja, sambamba na bolti, au tumia kipasua nati. Kisha bolti na nati vyote vitupwe. Hata kama meno ya bolti yanaonekana mazima, usiirudishe.

REHEMA: Haya, ekzosi...

JABIRI: Ekzosi ipo. Dakika mbili za kinga tu, dada. Kwanza safisha meno kwa brashi ya nailoni na uangalie kama kuna ncha iliyopinda. Mchanga mmoja tu unatosha kuanzisha kuumana. Pili, paka pesti ya kuzuia kuumana, yenye nikeli, kwenye meno na pia chini ya nati, pale inaposuguana na wosha. Grisi ya kawaida ni afadhali kuliko kavu, ila inakamuliwa na kuosheka. Tatu, anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne. Ikikataa vidole, usiite spana. Nne, funga kwa spana ya mkono, polepole. Kasi inaleta joto, na joto linachochea kushikana.

REHEMA: Niongeze nati zenye plastiki ndani. Watu wanazipenda kwa sababu hazilegei kwa mtikisiko, na gari la porini linatikisika kweli. Lakini ile plastiki inaongeza msuguano safari nzima ya kuzungusha, si mwishoni tu. Nati hizo kwenye stenlesi kavu, kwa bunduki ya upepo, usitegemee kuzifungua.

JABIRI: Na meno membamba yanaumana upesi kuliko meno mapana. M10 ya kawaida yenye hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.5 ni salama zaidi kuliko ya milimita 1.25.

REHEMA: Sasa umesema upake pesti. Basi lazima tuongelee toki, yaani nguvu ya kukazia kwa nyutoni-mita (Nm), maana huwezi kumwambia mtu apake pesti halafu ukamwacha na namba ya kitabu.

JABIRI: Ekzosi itatusamehe.

REHEMA: Hii ni muhimu kuliko ekzosi. Namba ya kitabu cha gari kwa bolti ya M10 ya 8.8, hilo ni daraja la nguvu la bolti za chuma cha kawaida, huwa karibu na Nm 50. Hiyo imepigiwa hesabu kwa bolti ya chuma cha kawaida, meno makavu au yenye mafuta kidogo. Tuchukue mgawo wa toki, ule unaoandikwa K, wa 0.2. Nm 50 zinakupa mvuto wa kama kilonyutoni 25 ndani ya bolti. Pakeni pesti, mgawo ushuke hadi 0.15: Nm zilezile 50 zinakupa kilonyutoni 33. Sasa bolti ya stenlesi iliyoandikwa A2-70 inaanza kunyooka na kutorudi ikifika megapaskali 450. Kwa M10, yenye eneo la milimita za mraba 58, hiyo ni kilonyutoni 26.

JABIRI: Kwa hiyo umeshaivuta.

REHEMA: Umeivuta na hujui. Spana imepiga "klik", mtu ameridhika, bolti imekuwa ndefu na imepoteza kushika. Kwa A2-70 ya M10 iliyopakwa pesti, anza na Nm 27 hivi. Hapo unapata karibu asilimia 70 ya uwezo wake. Ikiwa pesti yako imeandikwa mgawo wake wa K, piga hesabu kwa huo: mgawo, mara kipenyo kwa mita, mara mvuto unaoutaka kwa nyutoni.

JABIRI: Na mtu asiseme basi nitafunga kavu ili namba ya kitabu ifanye kazi. Stenlesi kavu haitabiriki. Bolti mbili za boksi moja, toki moja, mvuto tofauti kabisa.

REHEMA: Sawasawa. Na kichwa cha bolti lazima kiwe na maandishi. A2 ni familia ya stenlesi aina ya 304, A4 ni familia ya aina ya 316 iliyoongezwa molibdeni, inavumilia chumvi zaidi. Namba ya pili ni nguvu: 70 ni megapaskali 700 kabla ya kukatika, 80 ni 800, 50 ni 500. Kichwa kisicho na maandishi, fungia namba ya gari nacho, basi.

JABIRI: Wengine wanapima kwa sumaku.

REHEMA: Sumaku haisemi kitu hapo. Bolti ya 304 iliyotengenezwa kwa kubonyezwa baridi inavutwa kidogo na sumaku, na bado ni 304 halali. Na sumaku haiwezi kutenganisha 304 na 316. Soma kichwa.

JABIRI: Haya. Sasa nirudi kwenye bamba langu, kwa sababu nimeagiza bolti mpya na ni stenlesi tena. A4-80, pesti ya nikeli, mkono.

REHEMA: Hapo sikubaliani nawe.

JABIRI: Nilijua.

REHEMA: Bamba la kinga linapogonga jiwe, uzito wa gari unalisukuma lirudi nyuma. Kinachotakiwa kulizuia ni msuguano kati ya bamba na fremu, na msuguano huo unaletwa na mvuto wa bolti. Bolti yenyewe haikuwekwa ili ikatwe ubavuni. M10 ya 8.8 inahimili kilonyutoni 37 kabla ya kunyooka. A2-70 ni 26. Ukishuka mvuto, bamba linateleza, tundu linakuwa yai, bolti inapinda, nati inalegea. Mimi natumia 8.8 yenye zinki, na kwenye sehemu ya kugonga sana 10.9, daraja lenye nguvu zaidi.

JABIRI: Mimi sikusema A2-70. A4-80 inanyooka kwenye megapaskali 600. Mara 58, ni karibu kilonyutoni 35. Tofauti na 37 yako ni ndogo.

REHEMA: Ndogo ila ipo, na bado umepaka pesti.

JABIRI: Pesti nimeihesabu kwenye toki. Na ukitaka kuzidi, weka M12 ya A2-70: eneo milimita za mraba 84, mara 450, karibu kilonyutoni 38. Umeipita 8.8 ya M10.

REHEMA: Kwa M12 unatoboa fremu milimita 13 badala ya 11, na nati zilizochomelewa ndani ya fremu ni za M10. Utazikata?

JABIRI: Kwa zile zilizochomelewa, nabaki na M10 ya A4-80. Sasa nikuulize wewe. Zinki ya bolti yako inakaa muda gani baada ya jiwe la kwanza? Kichwa kinakwaruzwa, zinki inaisha, kutu inaanza, pembe sita zinakuwa duara. Baada ya misimu miwili ya matope hakuna soketi itakayokishika. Bolti yenye nguvu isiyofunguka, mtu akiwa porini anataka kufikia plagi ya mafuta, ni bure.

REHEMA: Bolti za bamba ni za kutumia na kubadilisha. Kila unapofungua bamba kwa sevisi, weka mpya. Na vichwa unavizamisha ndani ya bamba, jiwe lisivifikie.

JABIRI: Bamba la milimita 4 halizamishi kichwa cha soketi cha M10. Kichwa chenyewe kina urefu wa milimita 10.

REHEMA: Unachomelea vikombe.

JABIRI: Vikombe vinajaa tope.

REHEMA: Tope halilegezi bolti. Kuteleza kwa bamba ndiko kunakolegeza.

JABIRI: Na kutu ndiyo inayoifunga.

REHEMA: Na jambo la pili: umeweka bolti ya stenlesi ndani ya nati ya chuma cha kawaida iliyochomelewa kwenye fremu. Vikilowa maji ya chumvi, chuma cha kawaida ndicho kinacholiwa. Inayoharibika ni nati ya fremu, ambayo huwezi kuibadilisha kirahisi. Mimi nikiwa na kutu, iko kwenye bolti ninayoitupa.

JABIRI: Hilo lina uzito, lakini angalia ukubwa. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye fremu kubwa ya chuma, ulaji unasambaa eneo kubwa, kwa hiyo unakwenda polepole. Kinyume chake ndicho kibaya: bolti ndogo ya chuma cha kawaida kwenye bamba kubwa la stenlesi. Hapo bolti inaliwa yote. Na pesti inajaza meno, maji hayakai.

REHEMA: Hayakai mwaka wa kwanza.

JABIRI: Mimi nafungua kila sevisi, nasafisha, napaka upya.

REHEMA: Ukifungua kila sevisi, basi hata yangu ya zinki isingeshika kutu.

JABIRI: Yako ingekuwa imekwaruzwa kichwa.

REHEMA: Tutazunguka hapa mpaka kesho. Mimi kwenye bamba, 8.8.

JABIRI: Mimi A4-80.

REHEMA: Ila pale ambapo hatubishani, tuseme kwa sauti moja: mikono ya saspensheni, usukani, kalipa za breki, mikanda ya viti. Usiguse kwa stenlesi ya dukani.

JABIRI: Usiguse. Sehemu zile nyingi zinaanza na 10.9, yaani zaidi ya kilonyutoni 50 kwa M10, na zinapigwa mara maelfu. Bolti imechaguliwa na mtengenezaji pamoja na toki yake. Weka ileile. Stenlesi ipeleke kwenye vitasa, bawaba, mabano ya taa, vizuia matope vya magurudumu, keria ya juu, vifungo vya betri.

REHEMA: Na kwenye bodi ya alumini? Land Rover za kwanza za mwaka 1948 zilikuwa na bodi ya aloi ya alumini, na mpaka leo magari mengi ya porini yana milango au boneti ya alumini.

JABIRI: Alumini inaliwa kuzunguka tundu. Utaona unga mweupe chini ya wosha, rangi inavimba. Tenganisha: wosha ya nailoni chini ya kichwa, kola ya plastiki ndani ya tundu, pesti yenye zinki kwenye meno. Hapo usitumie pesti ya shaba. Na rangi iliyochubuka ukingoni mwa tundu irudishie kabla hujafunga, siyo baada.

REHEMA: Tope pia. Stenlesi inahitaji hewa ili ile ngozi ya kromi ijirudishe. Tope lenye chumvi likikaa kwenye mwanya, hewa haifiki, na 304 inatobolewa vishimo. Kwa hiyo hata stenlesi inaoshwa.

JABIRI: Na usisugue kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, wala usikate chuma cha kawaida kwa grenda karibu nayo. Cheche zinajipachika, baada ya wiki unaona madoa mekundu unasema nimeuziwa feki.

REHEMA: Dakika zetu zimebaki tatu.

JABIRI: Ekzosi!

REHEMA: Ekzosi haiwezi kukaa kwenye dakika tatu, wala mabomba ya breki. Na kuchomelea ndiyo kabisa. Sema moja la ekzosi kwa anayepima bomba leo.

JABIRI: Aache nafasi ya kurefuka. 304 inatanuka zaidi ya chuma cha kawaida. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 linarefuka karibu milimita 15, la chuma cha kawaida ni kama 11. Asilifunge kwa mabano magumu mwanzo na mwisho. Mpira wa kuning'inizia, na kipande kinachonyumbulika baada ya manifoldi. La sivyo linapasuka kwenye mshono.

REHEMA: Na anayechomelea stenlesi kwenye chuma cha kawaida, waya ni 309L, na aondoe zinki yote kwanza kama chuma kimepakwa zinki. Sababu tutazieleza wiki ijayo.

JABIRI: Na bolti za bamba?

REHEMA: 8.8.