Tamari Hakunyamaza: Mazungumzo Kuhusu Msalaba, Ukatili na Uponyaji

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Mchungaji, leo tulikubaliana tuanze na ushauri ambao wanawake wengi wamepewa walipokwenda kwa viongozi wa kanisa kusema kwamba wanapigwa nyumbani: vumilia, huo ndio msalaba wako.

TUMAINI: Ahsante, dada Neema. Ushauri huo mara nyingi huegemezwa kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya pili, unaosema kwamba Kristo aliteswa akatuachia kielelezo ili tufuate nyayo zake. Wanaoutumia hivyo hawataji kwamba maneno hayo yaliandikiwa watumwa waliokuwa wakipigwa na mabwana zao, na kwamba sura ya tatu inatoka hapo moja kwa moja kwenda kwa wake na utii wao kwa waume. Simjui mhubiri ambaye leo angesimama madhabahuni kutetea utumwa kwa andiko hilo, lakini mwanamke mwenye majeraha bado anasomewa.

NEEMA: Na mhubiri anayemsomea anaweza kukujibu kwamba hata Yesu alinyamaza.

TUMAINI: Si kila mara. Katika Yohana 18, mtumishi mmoja alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu, Yesu alimwuliza, "Kama nimesema vema, wanipigia nini?" Tena alifikishwa msalabani na watawala kwa sababu ya mambo aliyoyasema na kuyatenda, wala hakumwambia mgonjwa yeyote aliyemjia kwamba ugonjwa wake ni wa kuvumiliwa, aliwaponya. Mwanateolojia Mmarekani mweusi, Delores Williams, aliandika mwaka 1993 akikumbuka wanawake waliolazimishwa utumwani kubeba mizigo ya wengine, na kwa sababu hiyo akakataa kufundisha kwamba kuteseka kwa niaba ya wengine ndiko kunakookoa. Wokovu aliuona katika maisha na huduma ya Yesu. Wapo wanaompinga vikali, na mjadala wa upatanisho, yaani jinsi Kristo anavyotupatanisha na Mungu, ni mpana, lakini swali lake haliwezi kupuuzwa na mtu anayehubiri Ijumaa Kuu.

NEEMA: Barani kwetu, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana aliwakusanya wanateolojia wanawake wa Afrika jijini Accra mwaka 1989, na miongoni mwa waliojenga mtandao huo ni Musimbi Kanyoro wa Kenya. Wanawake hawa waliusoma ukatili ndani ya Biblia yenyewe, bila kuuficha. Tumsemee Tamari kidogo.

TUMAINI: Tamari wa 2 Samweli 13, binti Daudi. Huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990 sura hiyo imesomwa na wanawake katika vikundi vya kujifunza Biblia, ikazaa kampeni ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake iliyofika baadaye hadi Kenya. Ibadani husomwa kwa nadra sana, nami nadhani tunaiogopa kwa sababu kila mtu wa familia ile tunamfahamu. Yonadabu, binamu yao, anapanga hila. Amnoni, ndugu yake Tamari kwa baba, anajifanya mgonjwa. Tamari anakataa kwa hoja, anamkumbusha kwamba jambo hilo halitendeki katika Israeli, lakini Amnoni anamshinda nguvu na kumbaka, kisha anamfukuza. Tamari anajitia majivu kichwani, anararua kanzu yake na kwenda akilia kwa sauti njiani. Anayemnyamazisha ni Absalomu, ndugu anayempenda. Daudi anakasirika sana, basi.

NEEMA: Na miaka miwili baadaye Absalomu anamuua Amnoni.

TUMAINI: Bila mtu yeyote kumwuliza Tamari anataka nini. Kisasi cha wanaume hakikumtoa katika ukiwa wake, na ndiyo maana siwezi kuuita uponyaji.

NEEMA: Uponyaji uweje, basi?

TUMAINI: Nimejifunza mengi kwa Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Pale mwanamke aliyebakwa vitani hutibiwa mwili, huhudumiwa kisaikolojia, husaidiwa kisheria na kuwezeshwa kujitegemea kiuchumi. Maombi yanaingia humo vizuri kabisa, lakini hayachukui nafasi ya daktari wala ya hakimu. Kanisa linapomhimiza asamehe kabla hajasikilizwa, linamlinda aliyemtendea.

NEEMA: Mwanamke akija leo ofisini kwako, Mchungaji, utamfanyia nini kwanza?

TUMAINI: Namsikiliza na kumwamini. Simwiti mumewe wakae meza moja wapatanishwe, kwa maana atakachokisema mbele yake kinaweza kumrudia usiku. Namwuliza kama ana mahali salama pa kulala, yeye na watoto. Hapa Tanzania namsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi ili apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kama amebakwa tunakwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Baraza la wazee wa kanisa litaarifiwa baadaye, ikiwa mwenyewe ataridhia.